Beki Mpya wa Bujonde

Kazi ya kukaa na kuwaangalia wengine wakicheza inachosha kuliko kulima mpunga, na anayebisha akamuulize Doreen. Mkulima akichoka hukaa kwenye tuta akanyoosha miguu. Doreen akichoka alikuwa tayari amekaa, kwenye stuli yake karibu na mlango, na uchovu wake haukuwa na pa kuupumzisha. Asubuhi alifagia maganda ya karanga na matope ya viatu, akawasha televisheni mbili, akapangusa pedi za kuchezea zilizonata jasho la vidole, na tangu hapo hadi jioni masikio yake yalikuwa mali ya vijana wa mtaa wa Mbugani.

Banda lenyewe la gemu lilizaliwa na msiba wa kazi. Zilikuwa zile zama za soko huria, kila kitu kinaingia Kyela kupitia mpakani, redio, vitenge, viatu vya mitumba, na kila kilichokuwa cha umma kinakwenda na maji. Kinu cha mpunga alichokuwa akifanyia kazi mumewe, Zebedayo, kiliuzwa, wafanyakazi wakapewa kifuta jasho na kupeana mikono. Kifuta jasho hicho ndicho kilichonunua mashine mbili za gemu zilizokwisha kutumika kwingine. Zebedayo akarudi kijijini kwao Bujonde kumsaidia baba yake kwenye kakao, akawa anakuja mjini mwisho wa wiki, na Doreen akabaki na banda. Chumba walipanga kwa Bi Rukaya, muuza vitenge ambaye wazee wake walitoka Kilwa, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe.

Sasa, kuna jambo moja la kulijua kuhusu Doreen, maana bila hilo hadithi hii haina miguu. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake. Mimi naweza kulitaja kwa sababu si mkwe wangu: aliitwa Asajile. Desturi ya Wanyakyusa wa zamani ilimtaka mke wa kijana asikutane uso kwa uso na baba wa mumewe, asile naye, asilitaje jina lake, hata kama anayeitwa ni mtu mwingine kabisa mwenye jina hilo. Akimwona anakuja, mwanamke huacha njia akaingia migombani mpaka mzee apite. Mjini wengi walikwisha kuiacha desturi hiyo, siku hizi wakwe wanapanda basi moja na kugombea siti.

Doreen aliishika, tena si kwa kuogopa. Miaka ilipopita akiwa na mtoto mmoja tu, Anyosisye, na mashemeji wakaanza kunong'ona kwamba kaka yao aongeze mke, yule mzee aliwaita wote akawaambia, "Huyo wa Zebedayo asiguswe." Hakumwambia yeye, asingeweza. Maneno yalimfikia kwa mdomo wa mumewe, naye alilia jikoni kwa furaha. Tangu siku hiyo kila mkungu wa kwanza kuiva Bujonde ulikuwa unakatwa kichana kimoja cha kumpelekea yeye. Walipendana hivyo, bila kuonana, na sijui kama wanaokumbatiana kila siku wanafika hapo. Kazi ilikuwa imekwenda, akiba imekwenda, nyumba ni ya kupanga. Hilo la jina ndilo Doreen aliloliona bado analo zima.

Haya, turudi kwenye mashine. Zilikuja na ukaidi wao. Wiki ya kwanza tu zikakataa karibu kila CD iliyopatikana sokoni, zinazungusha, zinakoroma, zinaonyesha kioo cheusi. Doreen akamwita Badru, mpwa wa Bi Rukaya, fundi wa redio mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, aliyewahi kukaa Dar es Salaam akarudi na kompyuta.

"Zimefungwa hizi," alisema Badru. "Zinataka CD ya kiwandani tu. Ukiziwekea ya kuchoma, iliyonakiliwa, zinaitema."

"Na hiyo ya kiwandani inapatikana wapi?"

"Kyela? Uombe Mungu, mama Anyosisye."

"Lakini mashine si nimeinunua? Ni yangu. Aliyeitengeneza inamhusu nini ninachoiwekea?"

Badru alimweleza huku akifungua skrubu. Kiwanda hakipati cha maana kwenye mashine, alisema, kinapata kwenye CD. Kwa hiyo kila anayetunga gemu lazima apite kwao wamkubalie, na anayenakili afungiwe mlango. "Halafu hawataki mchezaji aikorogekoroge gemu yao. Wanasema ukiruhusu, kila mtu ataingiza lake, na jambo likiharibika jina litakalotajwa ni la kiwanda."

"Uroho tu huo," alisema Doreen.

Badru akalehemu chipu ndogo tumboni mwa kila mashine, akazifunga. Tangu siku hiyo zikala kila kitu, kama mbuzi wa sokoni.

Gemu iliyopendwa ilikuwa ya mpira. Tatizo ni kwamba wachezaji wake waliandikwa kwa maandishi ya Kijapani, na spika za televisheni zilikuwa zimekufa zote mbili, kwa hiyo wanaume wazima walikaa kimya wakimwangalia mtu asiye na jina akimpa pasi mtu asiye na jina. Raha gani hiyo? Watu walianza kupungua. Ndipo Badru alipopata wazo lake. Aliiingiza CD kwenye kompyuta, akapekua mpaka akapata mahali majina yalipohifadhiwa, akafuta ya wageni, akaandika ya kwetu. Timu moja ikawa Kyela Mjini, nyingine Ipinda, nyingine Matema. Wachezaji wakawa mafundi cherehani, wauza dagaa, waimbaji wa kwaya na makondakta wa mabasi ya Mbeya. Akachoma CD mpya, akaileta mwenyewe akichekacheka.

Banda likajaa. Na Doreen, ambaye kanisani ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kila Jumapili, akajikuta anatangaza mpira. Jina la mwenye mpira lilikuwa linatokea chini ya kioo, naye akawa analisoma kwa sauti ile ya redio, anaongeza chumvi, anapandisha, anashusha. Wapita njia walisimamisha baiskeli wasikilize. Fundi cherehani aliyefunga bao asubuhi kwenye kioo alipewa mikono mchana sokoni, na kipa aliyefungwa alikaa ndani siku nzima. Wakampa Doreen jina la Mama Gemu. Jioni koo lilikuwa linamkauka mpaka anaongea kwa kunong'ona, anakunywa chai ya tangawizi ya Bi Rukaya, kesho anaanza tena, kwa kuwa sasa watu walifuata sauti kama walivyofuata mchezo. Usidhani aliipenda. Ilikuwa kazi.

Ukipenda boga, penda na ua lake. Vijana wa Ipinda walimpata fundi wao Mbeya, wakaja na CD ambamo timu yao ina miguu ya swala na timu ya Kyela inakimbia kama yenye malaria. Ilipogundulika, pedi zilirushwa na moja ikavunjika. Mwingine akaleta CD ambamo kipa mvivu kuliko wote amepewa jina la mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa akaja na Biblia kwapani kuuliza amemkosea nini Doreen. Kisha Lameck, kijana wa kupakia abiria kwa baiskeli, mteja wa kila siku na mcheshi asiye na breki, akachomesha yake yenye wachumba wa watu humo ndani. Wenye wachumba wakaja. Kila mara aliyesimama mbele ya kesi alikuwa Doreen.

"Si mimi niliyeandika," anasema.

"Lakini ni kwako," wanamjibu.

Na ni kweli, ni kwake. Hilo ndilo lililomchosha zaidi ya yote, kwamba hakuwa na la kujibu.

"Badru," alisema siku moja akiwa ameegemea ukuta na macho ameyafumba, "wale watu wa kiwandani niliwasema vibaya. Nilisema ni uroho."

"Uroho nao upo, mama Anyosisye."

"Upo, sikatai. Lakini mwenye mlango ndiye anayeulizwa. Ningekuwa mimi nimetengeneza hizi mashine, ningezifunga hata kwa misumari."

Akaweka sheria. CD yoyote isiyopitia kwa Badru haiingii, na Badru asichome kitu mpaka yeye Doreen asome majina yote kwenye kompyuta. Vijana walinung'unika. Walimwita kiwanda. Lakini vurugu zilipungua, na kwa muda Doreen aliweza hata kusinzia mchana kwenye stuli yake.

Msimu wa mvua kubwa ulipoanza, Lameck akaja na ombi. Ipinda wana timu, Matema wana timu, Bujonde wana nini? Yeye mwenyewe kwao ni Bujonde. Akasema si lazima wawe watu wa leo. Wapo wazee waliowahi kuvuma enzi za uhuru uwanjani kwa miguu mitupu, wawekwe hao, ni heshima kwao. Badru aliipenda sana hiyo. Akakaa na Lameck kibandani, wakaandika timu nzima, kisha akamwita Doreen aje akague.

Doreen akasimama nyuma ya kiti cha Badru, akawa anashuka na majina taratibu. Kipa, sawa. Mabeki, sawa. Namba tisa. Hapo macho yakakwama.

Ungekuwa wewe au mimi tungesema tu, bwana, mfute Asajile. Doreen hakuweza. Kulitamka hawezi, kuliandika hawezi, na kulinyooshea kidole aliona ni sawa na kumnyooshea mzee mwenyewe usoni. Akageuza uso akatazama mlangoni, mvua inanyesha, akasema, "Yule tisa wa Bujonde, Badru. Asikae pale."

"Tisa?"

"Tisa. Mwondoe pale."

"Kwa nini tena?"

"Wewe mwondoe tu, baba."

Badru angekuwa ni Mnyakyusa asingeuliza. Angemwona mwanamke anageuza uso, angelitazama jina, angekumbuka ameolewa wapi, angefuta na kuomba radhi. Lakini Badru alikuwa mjukuu wa Kilwa. Kinyakyusa alichokijua ni cha kuuzia betri, na nyumbani kwao wakwe wanakula sinia moja. Alijua kwamba yule mzee ni baba mkwe wa mama Anyosisye, hilo alilijua. Alijua pia, kwa kusikia wazee wakipiga soga dukani kwa shangazi yake, kwamba enzi zake yule mzee alikuwa beki, beki mgumu aliyeogopwa hadi Tukuyu. Akaunganisha hayo mawili, akajiona amefumbua fumbo: kumbe tumemweka mbele na yeye ni mtu wa nyuma! Ndiyo maana mkwewe amechukia, tumemvunjia mzee historia yake. Akamtoa kwenye tisa, akaweka hapo Eliud, aliyekuwa namba nne. Akampa mzee namba nne hiyo, ulinzi, na kwa kutaka kurudisha heshima akamwongezea nguvu za miguu mpaka mwisho wa kipimo, na pumzi zisizoisha.

"Tayari," alimwambia kesho yake akimkabidhi CD. "Nimerekebisha kama ulivyotaka."

"Ndaga fijo, Badru. Mungu akubariki."

Sheria yake mwenyewe ilisema asome majina yote. Hakusoma tena. Kulikuwa na maji yameingia chumba cha nyuma, Anyosisye ana homa, na koo linamuuma tangu juzi. Alikuwa amechoka, akaamini. Wangapi wetu hatujawahi?

Jumamosi ilikuwa Bujonde na Ipinda. Mvua ilikuwa kubwa, watu wasingeweza kwenda mashambani wala sokoni, kwa hiyo walikuja wote bandani, wamejipanga mpaka barazani kwa Bi Rukaya. Lameck ameshika pedi ya Bujonde. Zebedayo alikuwa amefika kutoka kijijini asubuhi ile, amesimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika, anamwangalia mkewe kwa fahari ya mtu asiye na kitu kingine cha kujivunia.

Mpira ulipofika kwa namba tisa wa Bujonde, kioo kikaandika Eliud. Doreen akashusha pumzi. Basi hofu ikamtoka, akaachia sauti yote aliyokuwa nayo. Alimtangaza Eliud, akawatangaza wa Ipinda, akawachokoza walioketi benchi la mbele, watu wanacheka, hata uchovu ulikuwa umemwacha kidogo. Ipinda wakapenya katikati. Wamebaki na kipa tu. Ndipo beki mmoja wa Bujonde akatokea nyuma, akateleza, akauzoa mpira, akainuka nao, akaanza kukimbia. Akampita mmoja. Akampita mwingine. Hakuna aliyewahi kuona beki wa namna hiyo. Jina likatokea chini ya kioo, na mdomo wa Doreen, uliozoea kusoma kabla akili haijatoa ruhusa, ukalisoma.

"Asajile! Asajile anakwenda! Asajile bado anakwenda, hakuna wa kumshika, Asajile..."

Mpira ukaingia wavuni. Watoto wakashangilia. Lameck akaruka juu ya benchi akapiga ngumi hewani. Lakini watu wazima, wale wa Bujonde na Ipinda waliolelewa migombani, walikuwa wameinamisha vichwa kana kwamba mtu amevuliwa nguo mbele yao. Doreen akaisikia sauti yake mwenyewe. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akakandamiza, kama mtu anayeweza kukirudisha kilichotoka. Kisha akalia, pale pale mbele ya wateja, kwa sauti, wala hakuona haya kulia.

Zebedayo aliwaomba watu watoke. Alikunja mwavuli, akaketi karibu naye.

"Umemtaja baba," alisema.

"Nimemtaja."

Hakumgombeza. Kinu kilipouzwa kilikwenda hata na ugomvi wake. "Kesho nitakwenda kumwambia mimi mwenyewe," alisema, "kabla hajaambiwa na watu."

Ungedhani hawajui wanaishi wapi. Uvumi wa Kyela haupati pancha. Zebedayo alipofika Bujonde kesho yake, na kuku jike mweupe mkononi kama inavyotakiwa mtu anapoomba radhi ya jambo kama hilo, baba yake alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba anachambua kakao, na alikwisha kuambiwa. Alimsikiliza mwanawe hadi mwisho. Akauliza habari za mafuriko mjini.

Zebedayo akarudi na kuku.

"Amesema nini?" Doreen alimuuliza kabla hajavuka kizingiti.

"Hakusema kitu. Amesema kuku arudi nyumbani akatage."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Tusi lina mwisho wake, mtu hujua ameadhibiwa. Doreen alimtazama yule kuku akidonoa uani, na moyo wake ukamwambia kwamba kule Bujonde kuna kitu kimefungwa, na hakijafungwa kwa hasira.

Badru alipoelezwa na shangazi yake alichokifanya, alikuja mbio, uso umemsawajika. "Ungeniambia tu, mama Anyosisye. Ungesema futa jina fulani, basi."

"Ningesemaje, Badru?" Doreen alimuuliza. "Wewe niambie. Ningesemaje?"

Badru akasema atazitoa chipu zote mbili, azirudishe mashine kama zilivyotoka kiwandani. Hazitakubali tena jina la mtu yeyote wa hapa.

"Na zitacheza nini?"

"Hazitacheza kitu. CD za kiwandani hatuna."

Doreen alicheka kicheko kisicho na meno. Bi Rukaya, aliyekuwa amemletea chai, alimshika bega. "Shoga yangu, maji yakimwagika hayazoleki. Fungua banda lako ule." Akafungua. Lakini hakutangaza tena. Vijana walicheza kimya, majina yakitokea chini ya kioo na kupotea bila mtu wa kuyasoma, wakaanza kupungua mmoja mmoja, na Doreen akakaa kwenye stuli akiwatazama wanavyopungua. Hakuwa na nguvu ya kuwarudisha.

Mzee Asajile alikuja siku ambayo mvua ilipumzika. Hakutanguliza mtu, hakutuma salamu. Doreen alikuwa ameinama anakung'uta mkeka mlangoni alipoona buti za mvua zimesimama mbele yake, akainua macho hadi magotini, akajua. Akavuta kanga kichwani, akageukia ukuta. Hakukuwa na migomba ya kuingia.

"Ugonile," alimsalimu mzee.

Hakujibu. Asingeweza kujibu.

"Usijifunike, mwanangu. Uzio ulikwisha kuanguka. Hata ukijificha ninakuona." Akaingia ndani. Lameck na wenzake wawili waliokuwa humo wakasimama kwa pamoja. "Kaeni. Nimekuja kumwona huyo beki."

Lameck aliiweka CD. Mzee aliketi kwenye benchi la mbele, mikono juu ya mkongojo, akakitazama kioo kwa makini kama anayetazama shamba la mtu mwingine. Doreen alibaki amesimama kando ya mlango, uso ndani ya kanga.

"Ni yupi?"

"Namba nne, mzee. Yule pale."

Namba nne alikimbia, akasukumwa, akaanguka, akainuka, akakimbia tena. Mzee alimtazama Lameck dole gumba linavyohangaika.

"Anakwenda anakotaka mwenyewe?"

"Hapana, mzee. Anakwenda ninakombonyeza."

"Na akichoka?"

"Huyu hachoki. Badru amemtengeneza asichoke kabisa."

"Basi si mimi," alisema Mzee Asajile.

Vijana walicheka, kwa nafuu zaidi kuliko kwa utani, na Doreen mwenyewe nusura acheke ndani ya kanga yake. Mzee hakucheka. Alimwambia Lameck azime. Akageuka kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu Doreen aingie katika ukoo ule, akaongea naye.

"Jina langu limetumika sana," alisema. "Mkoloni aliliita kwenye kodi. Ushirika uliliita kwenye mikutano mpaka ushirika wenyewe ukafa. Kanisani wanaliita, baraza la kijiji wanaliita, wanangu wanaliita kila mmoja anapotaka kipande chake cha shamba. Limechoka kama mimi mwenyewe. Lakini nilikuwa nikijilaza nawaza, kuna kinywa kimoja hakijalitumia. Huko angalau limepumzika. Nilikuwa nikiwaza hivyo, usingizi unakuja."

"Nisamehe, baba," alisema Doreen.

"Nilikwisha kukusamehe. Hata siku ile sikukasirika. Ningekasirika ingekuwa rahisi, ungeleta kuku wako tukamaliza." Alifuta paji la uso kwa kiganja. "Ila mji mzima umelisikia. Hata huyu wa baiskeli amelisikia. Mimi mwenye jina sijalisikia. Nimetembea na matope yote haya ili nami nilisikie. Liseme."

"Siwezi, baba."

"Umeshaweza."

Mzee hakusema kwa ukali. Alisema kwa kuchoka, na hapo Doreen akaelewa kwamba hakuna mlango mwingine wa kutokea. Akaishusha kanga. Mbele yake alikuwa ameketi mzee mdogo wa umbo, nyusi zimekuwa nyeupe, mwenye macho yale yale ya Zebedayo, anamsubiri.

"Asajile," alisema, taratibu.

"Naam," akaitika mzee, kama anavyomwitikia mtu yeyote.